Sarafu Nilizoziosha kwa Ukwaju

Acheni kunionyesha simu zenu, nimeshaona. Kuna mtu huko ndani anayesema sarafu ya zamani ya Kenya inauzwa mamilioni, na tangu aseme hayo mimi sina amani. Naamka asubuhi nifagie ua wangu hapa Shela, Malindi, namkuta kijana amesimama mlangoni na sarafu ndani ya kiberiti.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Hii yafika bei gani?"

Marahaba, mwanangu. Hiyo yafika shilingi kumi. Nenda kanunue mahamri kabla hayajapoa.

Wengine hununa. Hudhani nawaficha siri ili nikauze mwenyewe. Ningekuwa na siri ya mamilioni, wanangu, mngenikuta nimekaa kwenye kiti chenye miguu minne, si hiki nilichokiegemeza ukutani.

Nilikuwa keshia wa benki mjini humu mpaka nywele zikageuka rangi. Wenzangu waligombania madirisha ya noti, kwa sababu noti hazichafui vidole wala haziumizi mgongo. Mimi nikapewa la sarafu, na sikulitoka hata mashine ya kuhesabia ilipoletwa ikaanza kumeza shilingi na kutema vumbi. Walioniita Zuhura wa Chenji kwa kunikebehi walikuwa ndio hao hao walionijia mwezi wa harusi, sauti zimelainika, wakitaka sarafu mpya.

Najua swali lenu, hata mkilizungukazunguka. Ukipata sarafu mpya kabisa, haijawahi kushikwa na mtu, uiweke au uitumie? Nitawajibu. Ila sitawajibu kama mtu wa mnada. Nitawajibu kama mama wa Rukia, na asiyependa jibu langu mlango uko wazi, aende akaulize simu.

Kwanza muelewe sarafu mpya zilikuwa na kazi gani kwetu. Mtoto akiota jino la kwanza, mtaani petu humwagiwa bisi. Hukalishwa mkekani, watoto wa jirani wamemzunguka, naye bibi yake mzaa mama huja na sinia akammwagia kichwani bisi, peremende, njugu na sarafu. Watoto huvamia, kila mmoja na alichopata. Basi hapo mtoto huwa wa mtaa, maana ameshawalisha wenzake. Ziko nyumba hazifanyi, na wako masheikh wanaokunja uso, lakini kwetu sisi mtu asiyemwagiwa bisi huulizwa mpaka siku anayooa: "Kwani wewe, kwenu hawakukutaka?"

Na sarafu hizo sharti zing'are. Humwagii mtoto kichwani pesa iliyotoka kwenye ndoo ya muuza samaki. Ndiyo maana wanawake wakija dirishani kwangu hawakusema "sarafu mpya." Walisema, "Zuhura, nipe zilizolala." Nami najua ni zile za kwenye mfuko uliofungwa huko zilikotengenezwa, ambazo bado hazijaamshwa na mkono wa mtu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Kazungu, Mgiriama wa Kaloleni, mrefu, mkimya, mwenye tai moja ya kahawia ambayo sisi wasichana tuliapa kwamba alizaliwa nayo. Alinifundisha kuisikiliza sarafu. Iangushe kaunta: nzima hulia, ya bandia hukohoa. Alinifundisha kuitazama dirishani kwenye mwanga wa jua, uigeuze taratibu, uone kama mng'aro unazunguka pamoja nayo au umekwama mahali pamoja. Ukikwama, ujue imesuguliwa.

"Na ukitaka kuiweka," aliniambia, "ishike kwa ukingo. Usiishike usoni. Kidole chako kina jasho, na jasho la pwani lina chumvi mara mbili."

Haya basi, mnaotaka kuweka, wekeni vizuri. Shikeni kwa ukingo, kwa vidole viwili. Msiziweke kwenye mifuko ya plastiki laini inayonuka, hiyo huzitoa jasho. Karatasi kavu ni bora, na vile vijipakiti vya chembechembe vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu msivitupe, hunyonya unyevu. Na kubwa kuliko yote, msizioshe. Mkusanyaji anataka sarafu vile ilivyotoka, na vile wakati ulivyoipaka. Ukiisugua umeiua.

Hilo la kuosha nililijua kupitia mzee mmoja wa Takaungu. Alikuwa na rupia ya fedha ya babu yake, nyeusi tii, na mnunuzi wa Mombasa alikuwa amekubali kuja kuitazama. Mke wa mzee, kusikia mgeni anakuja, alifagia ua, akafua mapazia, akaichukua na rupia akaisugua kwa ukwaju na jivu mpaka ikawa kama kijiko kipya, jinsi tunavyosugua sufuria za shaba kabla ya harusi. Mnunuzi alikuja, akaitazama, akaiweka chini, akanywa kahawa yake, akaaga. Kesho yake mzee akaja dirishani kwangu, mnyonge kweli, akauliza kama benki inaweza kuirudishia rupia uchafu wake.

Mimi nilijificha chini ya kaunta nikicheka. Bwana Kazungu hakucheka. Aliishika ile rupia akaigeuza, akasema, "Mzee wangu, usimgombeze mkeo. Yeye alimsafishia mgeni nyumba. Mgeni ndiye aliyetaka uchafu."

Wakati ule nilidhani anamliwaza tu. Maneno mengine hukaa kichwani mwa mtu yakingojea siku yao.

Sasa kuhusu sarafu zangu. Nchi ilipotimiza miaka arobaini ya uhuru ilitolewa sarafu ya shilingi arobaini, kubwa, ya rangi mbili, yenye uso wa rais wa wakati ule. Watu hawakuipenda. Arobaini ni hesabu gani? Makondakta waliirusha kama kaa la moto, wauza mboga waliichanganya na ya ishirini wakala hasara. Sisi dirishani tulikaa na mifuko tusijue tumpe nani. Lakini mimi niliipenda. Nikanunua kimfuko kimoja kilichofungwa, kwa pesa zangu za mshahara, shilingi kwa shilingi, Bwana Kazungu akisimamia.

"Za nini?" akaniuliza.

"Rukia ameolewa wiki iliyopita. Za bisi ya mjukuu wangu."

"Vidzo," akasema kwa Kigiriama chake, yaani vizuri, na hiyo kwa Bwana Kazungu ilikuwa hotuba.

Nilikitia sandukuni chini ya kanga. Rukia ni mwanangu wa pekee. Mwaka ukapita, mimi nikingoja habari. Miaka ikapita. Rukia akaenda hospitali, akaenda kwa waganga niliowakataza na kwa madaktari niliowalipia, akanywa mizizi, akanywa vidonge, akakonda. Mumewe, mtoto wa watu mwenye heshima zake, hakumwambia neno. Waliosema ni wengine. Kila Idi nilifungua sanduku nitoe kanga, nakutana na kile kimfuko, nakifunika.

Huku nje, wakati mimi nafunika, sarafu zile zilikuwa zinapanda bei. Serikali ikatoa sarafu mpya zenye picha za wanyama, zile za nyuso zikaanza kuadimika, na ya arobaini, ambayo hakuna aliyeitaka, sasa ikawa inatafutwa na wote. Ndipo akaja Bwana Renzo.

Bwana Renzo ni mzee wa Kitaliano, mmoja wa wale waliokuja Malindi kupunga upepo wakasahau kurudi kwao. Alikuwa mteja wangu tangu zamani, akija dirishani kila toleo jipya likitoka. Siku niliyonunua mfuko ule wa arobaini yeye ndiye aliyechelewa, na hakunisamehe. Nilipostaafu akanifuata nyumbani. Akiketi, akinywa chai ya tangawizi, akiuliza hali ya watu wote, kisha: "Bi Zuhura, ule mfuko bado kufunguliwa?"

"Bado."

"Mimi nalipa vizuri."

Na alilipa vizuri kweli, kwa maneno. Bei aliyonitajia ingeniezekea nyumba nzima upya. Mabati yangu yameliwa na chumvi. Mvua ikinyesha nahamisha kitanda kama ninayecheza dama. Dada yangu, Mwanaisha, ambaye anaijua nyumba yangu kuliko mimi, alikuwa upande wangu wakati huo. "Usiuze," alisema. "Akiba haiozi. Hizo ni za damu yako. Mungu hashindwi, Rukia atazaa."

Rukia hakuzaa. Alipata mtoto kwa njia nyingine.

Kulikuwa na mwanamke wa huko ndani, juu ya Rabai, aliyefariki akijifungua, na jamaa zake hawakuwa na uwezo wala mtu wa kumlea. Mtoto akachukuliwa na muuguzi, kisha na afisa wa watoto, kisha na nyumba ya mayatima, kisha na mama mmoja aliyemlea wiki chache akaugua. Rukia na mumewe wakasikia, wakapanda kwenda, wakajaza walichoambiwa wajaze, wakangoja, wakarudi na kitoto cha kike kichwa upara, macho makubwa. Wakamwita Nasra. Alinitazama mara moja akanitapikia kanga. Basi, tukajuana.

Jino lilitoka asubuhi moja ananyonya kidole changu. Nilihisi kitu kikali, nikapiga kigelegele mpaka jirani akaja na ndoo akidhani kuna moto. Siku hiyo hiyo nikasema: Ijumaa, baada ya sala, bisi.

Mwanaisha akaja jioni. Hakukaa.

"Nasikia wataka kufungua mfuko," akasema.

"Umesikia vyema."

"Zuhura, mtoto mzuri, sikatai. Kumlea yatima ni thawabu, sikatai. Mmwagieni bisi, mmwagieni peremende. Lakini zile uliziwekea mjukuu wako. Huyu ni mwana wa watu. Wajua amepita mikono mingapi mpaka akafika hapa?"

"Kuzaa si kazi, dada. Kazi kulea."

"Usinipe methali! Nakwambia kitu cha haki. Rukia akija akazaa wa kwake, utammwagia nini? Kama hutaki kungoja, basi bora umuuzie Mtaliano uezeke nyumba. Angalau itakuwa na maana."

Rukia alikuwa jikoni, mlango wazi, mtoto mgongoni. Alisikia kila neno. Mwanaisha alipoondoka, mwanangu akaja akasimama mbele yangu, na hakulia, jambo lililoniuma zaidi.

"Mama, usizifungue," akasema. "Peremende zatosha. Sitaki aje akue aambiwe alikula haki ya mwenyewe."

Nawaambia nyinyi vijana, hasira niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia dirishani, hata siku mteja aliponirushia mfuko wa senti usoni. Mwenyewe yupi? Mwenyewe yuko wapi? Nimemngoja mpaka macho yakapata ukungu, na aliyekuja ni huyu, na jino amelitoa kwa kidole changu. Sasa akae pembeni akimpisha mtu ambaye hayupo?

Nikalifikiria lile la mikono usiku kucha. Kwa wakusanyaji, sarafu iliyopita mikononi hushuka bei, na hiyo ndiyo sheria ya biashara yao, sigombani nayo. Lakini dada yangu alikuwa ameichukua sheria ile akampimia mtoto. Na Nasra alikuwa hai kwa sababu ya ile mikono. Mmoja tu kati ya ile ungemwachilia, tusingekuwa naye.

Asubuhi ya Ijumaa nikafungua mfuko. Nikaangua kicheko. Akiba haiozi! Hewa ya chumvi ilikuwa imeingia sijui kwa tundu gani. Sarafu zilikuwa na madoadoa ya hudhurungi, nyingine kama zimepigwa na vipele. Mkusanyaji angezipenda hivyo hivyo. Lakini mimi sikuwa mkusanyaji, nilikuwa bibi mzaa mama, na huwezi kumwagia mtoto kitu cha madoa. Nikatia ukwaju kwenye beseni, maji ya vuguvugu, jivu kidogo, nikakunja mikono ya gauni.

Nilikuwa nimefika katikati ya kazi Bwana Renzo alipopiga hodi. Alikuwa amesikia, mji huu hausitiri, akaja mbio na bei mpya. Akaingia uani, akaona beseni, akashika kichwa.

"Bi Zuhura! Unafanya nini?"

"Naosha."

"Hapana! Acha, acha, tafadhali! Ukiosha inakufa!"

"Bwana Renzo, imelala sandukuni tangu itoke benki. Haijanunua hata kitunguu. Wewe waniambia itakufa, mimi sijaona ikiishi."

"Wewe ulikuwa benki! Wewe unajua!" Masikini, sauti ilimkatika. "Dada yako asiyejua, sawa. Lakini wewe unajua!"

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana naisugua barabara."

Na nikaisugua. Sikusugua kwa bahati mbaya kama yule mama wa Takaungu, wala kwa kutojua. Nilijua kila doa linaloondoka linaondoka na bati moja la paa langu. Nikajikuta namkumbuka Bwana Kazungu, Mungu amrehemu, na mgeni wake aliyetaka uchafu, nikasema kwa sauti, "Leo tunasafisha kwa ajili ya mwenye nyumba." Bwana Renzo hakunielewa. Nikamwambia akae, bisi ziko karibu.

Alikaa. Mwanaisha naye akaja, midomo ameibana, akakaa mbali. Nasra akawekwa mkekani na kofia ya kusokotwa, akitafuna pindo la gauni lake kwa lile jino moja. Watoto wa mtaa walikuwa wamejaa mpaka barazani, wamechuchumaa tayari. Rukia alinitazama. Akatikisa kichwa, hapana. Mimi nikatikisa changu, ndiyo. Nikainua sinia nikammwagia mjukuu wangu zote.

Mlio ule! Nimeishi na mlio wa sarafu umri wangu wote lakini mlio ule sijawahi kuusikia, sarafu juu ya sakafu, bisi zinaruka, watoto wanapiga kelele, na katikati Nasra amekaa na bisi moja puani, anacheka. Rukia akakaa chini mkekani akafunika uso kwa leso, akalia vile alivyokataa kulia jioni ile.

Msidhani yote yalikwisha vizuri. Mwanaisha alikula pilau yangu sahani mbili na mpaka leo hajasema nilifanya sawa. Bwana Renzo alikuja tena baada ya miezi, akaniletea biskuti za kwao, na sarafu hatuzitaji. Nyumba bado inavuja. Mvua ikinyesha naweka chini ya tundu beseni lile lile la ukwaju, na nikisikia maji yanadondoka humo silali kwa majuto. Nalala.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Wapo watakaowaambia ponda mali kufa kwaja. Hao msiwasikilize, mimi niliweka na sijutii kuweka. Wekeni. Shikeni kwa ukingo, fungeni kwenye karatasi kavu. Lakini mjue mnamwekea nani, na siku yake ikifika msianze kumkagua kama ni yeye. Fungueni mfuko.

Juzi nilimpeleka Nasra dukani. Anatembea sasa, akishika gauni langu. Nikanunua sukari, muuza duka akanirudishia chenji, na ndani yake mna ya arobaini. Imechakaa, imechubuka ukingoni, inanuka mafuta ya nazi.

"Hii waikubali?" nikamtania. "Wengi huikataa."

"Hii?" akasema. "Hii ni ya bisi ya Nasra. Watoto wa mtaa wote waliniletea siku ile. Zazunguka hapa hapa, zatoka kwangu zaenda kwa muuza maziwa zarudi."

Kusikia jina lake, Nasra akanyoosha mkono. Nikampa. Akaifumbata kwa kiganja kizima, uso na mgongo, na jasho lake lote, na mimi keshia mzima nikamwacha aishike hivyo mpaka nyumbani.